Konde la ini

Konde lilimwingia Ricky Hatton, bondia wa Uingereza, ubavu wa kulia, chini ya mbavu, pale ini lilipo. Raundi ya tisa ilikuwa inakatika. Manchester, 24 Novemba 2012. Vyacheslav Senchenko wa Ukraine alichomeka mkono wa kushoto mfupi, ambao ukiutazama kwenye video wala hautishi, na Hatton akaenda chini. Mwamuzi akaanza kuhesabu.

Wanaojua ngumi wanajua konde la ini linavyofanya kazi. Ukipigwa kidevuni taa zinazimika, hujui kilichotokea mpaka watu wakusimulie. Ukipigwa ini, akili inabaki palepale. Unasikia moja, unasikia mbili, unataka kuinuka, ila pumzi haiji na miguu haisikii. Hatton alihesabiwa mpaka kumi akiwa na akili zake timamu.

Na konde lile lilikuwa lake.

Huyu ndiye aliyemlaza José Luis Castillo kwa konde hilohilo, raundi ya nne, Las Vegas, Juni 2007. Kwa miaka mingi watu walilipa kuliona: anakusogelea, anakubana kwenye kamba, anakunyima nafasi ya kupumua, kisha mkono wa kushoto chini ya mbavu. Usiku ule wa Novemba aliletewa kazi yake mwenyewe, nyumbani kwake, mbele ya watu wake, katika ukumbi ambao tiketi zilikwisha kabla hata jina la mpinzani halijatajwa.

Hatton alifariki tarehe 14 Septemba 2025, nyumbani kwake Hyde, karibu na Manchester, akiwa na miaka 46. Tangu habari zitufikie nimekuwa nikirudi kwenye pambano lile na Senchenko, hata usiku ninapopaswa kuwa nimelala. Kinachonisumbua ni kitu kimoja kilichokuwa kwenye taarifa za msiba, mistari michache tu: kwamba alikuwa na pambano lililopangwa Dubai, tarehe 2 Desemba, dhidi ya Eisa Al Dah.

Miaka kumi na mitatu baada ya kusema basi.

## Mtihani aliojitungia

Swali la bondia aliyepitwa na wakati, akajaribu kurudi, akashindwa, ni la kijiweni kabisa. Astaafu au aendelee? Mimi jibu langu lilikuwa jepesi siku zote: astaafu, anangoja nini. Na Hatton mwenyewe alilitoa jibu hilohilo kabla ya usiku ule kwisha. Alisema alihitaji pambano moja zaidi ajue kama bado anacho kile alichokuwa nacho, na amegundua hana. Akatundika glovu papo hapo. Mapambano 48, ushindi 45, kupoteza matatu: Floyd Mayweather Desemba 2007, Manny Pacquiao Mei 2009, na huyu Senchenko.

Tuliotazama tulimwonea huruma. Mimi sasa namheshimu zaidi kwa usiku ule kuliko kwa mikanda.

Fikiria alikotoka. Pacquiao alimzimisha raundi ya pili, vibaya sana, picha yake akiwa chali ikazunguka dunia nzima. Baada ya hapo ikawa miaka mitatu na nusu bila pambano: pombe, msongo mzito, kokeini kwenye kurasa za mbele za magazeti ya Uingereza, leseni ikachukuliwa. Yote hayo aliyasema kwa kinywa chake, bila kuficha. Mtu wa namna hiyo akirudi, mapromota wanajua cha kumletea. Wanamletea bondia mnyonge ambaye atakaa raundi tatu, aanguke, mashabiki waimbe, kila mtu alipwe. Halafu mwingine kama huyo, na mwingine.

Hatton alimkubali bingwa wa zamani wa dunia wa WBA, moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya dunia, bondia mrefu mwenye jebu safi (ile ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele), ambaye hadi wakati huo alikuwa amepoteza pambano moja tu maishani. Pambano la kwanza tu la kurudi! Alijitungia mtihani wa kweli, kwa hiyo akapata jibu la kweli. Mabondia wengi wanaorudi huwa hawajiulizi swali lenyewe. Wapinzani wao huchaguliwa ili jibu lisionekane.

## Foreman ananiharibia hoja

Ningeishia hapo kama isingekuwa George Foreman, bondia Mmarekani wa uzito wa juu, aliyefariki naye mwaka huohuo, mwezi Machi.

Foreman aliacha ngumi mwaka 1977 baada ya kupigwa na Jimmy Young, akawa mhubiri Houston. Miaka kumi. Alirudi Machi 1987 akiwa na miaka 38, mnene, kichwa kimenyolewa, watu wakacheka. Alisema wazi anataka fedha za kuendeshea kituo chake cha vijana. Aliwapiga wanyonge mmoja baada ya mwingine kwa miaka minne. Aprili 1991 akapewa Evander Holyfield, bingwa wa uzito wa juu, akashindwa. Juni 1993 akakutana na Tommy Morrison, akashindwa tena.

Hapo kuna kurudi kulikoshindwa mara mbili. Umri miaka 44. Mtu angeniuliza siku ile, ningesema mzee kapumzike, umeshaonyesha ulichotaka kuonyesha.

Tarehe 5 Novemba 1994 alipanda ulingoni Las Vegas akiwa na bukta nyekundu ileile aliyovaa Kinshasa mwaka 1974 usiku Muhammad Ali alipomwangusha. Bingwa, Michael Moorer, alikuwa anaongoza kwa pointi za majaji wote. Raundi ya kumi, mkono wa kulia mfupi, Moorer chali. Bingwa wa dunia ana miaka 45.

Ningemnyima hilo. Ni kitu kizito kukikubali unapopenda mchezo huu. Na kila bondia aliyechoka duniani anatembea na Foreman mfukoni. Ukimwambia aache, anakutolea. Sasa wana na Pacquiao wa kutoa: Julai 2025, akiwa na miaka 46, baada ya miaka karibu minne bila pambano la ushindani, alitoka sare na Mario Barrios, bingwa wa WBC, shirika jingine la mikanda. Wengi tuliotazama tulidhani amemshinda kijana. Mwaka huohuo, Hatton akiwa na umri huohuo, alikuwa anajiandaa kwa Dubai. Sijui kama alilitazama pambano la Pacquiao, ila nashindwa kuamini kwamba hakulitazama.

## Ameshindwaje?

Nilikaa na Foreman kwa siku nyingi mpaka nikaona nilikuwa natazama mahali pabaya. Nilikuwa nahesabu vipigo. Kinachosema ukweli ni jinsi mtu alivyopigwa.

Foreman kwa Holyfield alimaliza raundi kumi na mbili akiwa wima. Kwa Morrison vilevile. Alishindwa kwa pointi, na mara zote mbili yule kijana alimaliza pambano bado anamwogopa. Alichokuwa anakitegemea, yaani uzito wa ngumi na ugumu wa kidevu, kilikuwa bado kipo. Ngumi nzito ni mali ya mwisho kuondoka kwa bondia. Cha kwanza kuondoka ni miguu, kisha ule wepesi wa kuona kitu na mkono kwenda palepale.

Hatton hakuwa na uzito wa Foreman. Yeye aliishi kwa miguu na mapafu. Kazi yake yote ilikuwa kufika karibu upesi na kufanya kazi bila kupumzika kwa raundi kumi na mbili, na mwili wake ulikuwa umenenepa na kukondeshwa mara nyingi mno kati ya pambano na pambano. Rudi utazame lile la Senchenko. Raundi za mwanzo ni Hatton, watu wanaimba. Kuanzia katikati jebu la Senchenko linaanza kumpata, kisha linampata kila linaporushwa. Hatton anatupa ngumi zake, nzuri tu, lakini zinafika mahali Senchenko alipokuwa kitambo kidogo. Anaingia na kichwa kimesimama. Anashikilia. Ile kushikilia ilikuwa silaha yake zamani, safari hii ilikuwa ya kutafuta pumzi.

Jibu lilikuwa limeshatoka raundi ya sita. Konde la ini lilikuja kugonga muhuri.

Na Muhammad Ali kwa Larry Holmes, tarehe 2 Oktoba 1980, miaka 38: raundi kumi, na hakuna jaji aliyempa hata moja. Mwili ulionekana mzuri, tumbo limeingia, nywele nyeusi. Ndani hakukuwa na kitu. Siwezi kulitazama pambano lile mpaka mwisho, na sidhani kama nitaweza.

Kwa hiyo ndiyo, jibu langu limebaki astaafu, ila sasa lina masharti. Akishindwa kwa pointi na alichokitegemea bado kipo, ni haki yake kujaribu. Akishindwa kwa sababu alichokitegemea kimeondoka, hapo hakuna kambi ya mazoezi itakayokirudisha, hata alale mlimani miezi sita.

## Wanaojua kabla yetu

Larry Holmes alikuwa amewahi kuwa mwenza wa Ali wa mazoezi, yule wa kupigana naye kambini. Alijua. Alipokuwa anampiga usiku ule alionekana kama mtu anayeomba mwamuzi aingilie.

Hili ndilo limenikaa kuliko yote. Sisi watazamaji tunajua usiku wa pambano, na wenye gazeti wanajua asubuhi yake. Wa kambini walijua tangu mwezi uliopita. Kurudi ulingoni si usiku mmoja. Ni majuma ya sparingi, yaani kupigana mazoezini, na vijana wenye njaa, na vichwa vinaumia kule zaidi kuliko kwenye pambano lenyewe. Daktari Harrison Martland aliandika juu ya ubongo wa mabondia mwaka 1928, juu ya wale wanaotembea kwa kuyumba na kuongea kwa kukokota maneno. Karibu miaka mia. Hakuna mtu kwenye mchezo huu anayeweza kusema hakuambiwa.

Ferdie Pacheco, daktari wa Ali, aliona mapema. Baada ya pambano na Earnie Shavers, Septemba 1977, alipata majibu ya vipimo yaliyoonyesha figo za Ali zina matatizo. Akawaandikia Ali mwenyewe, mkewe, meneja na kocha. Hakujibiwa na yeyote. Akaondoka kambini. Ali akapigana mara nne zaidi.

Mara nne. Kocha Angelo Dundee alisimamisha lile la Holmes baada ya raundi ya kumi, huku mwenzake wa konani, Bundini Brown, akimsihi ampe Ali raundi moja zaidi. Nampenda Dundee kwa kusimama imara, na bado najiuliza alikuwa wapi mwaka ule wa barua. Kisha hata baada ya Holmes kulikuwa na Trevor Berbick, Nassau, Bahamas, Desemba 1981, ambako kengele ya ulingo ilikosekana wakatumia ya ng'ombe.

Mfano ninaoushikilia ni mwingine, na uko ndani ya usiku mkubwa kuliko wote wa Hatton. Juni 2005, Manchester. Kostya Tszyu, bingwa, miaka 35, amemaliza raundi ya 11 na amechoka, uso umevimba. Hajaangushwa. Bado raundi moja, na Tszyu alikuwa na mkono wa kulia wa kumzimisha mtu yeyote. Kocha wake, Johnny Lewis, akamtazama akamwambia imetosha. Pambano likaishia kwenye kiti. Dunia ilimshangilia Hatton, kama ilivyostahili, na Tszyu hakupigana tena maisha yake yote.

Kocha alitoa mkanda wa dunia kwa mkono wake ili amrudishe mtu nyumbani.

## Vibali

Utasema kuna tume na bodi, kazi yao ni hiyo. Ipo, na zipo zinazoifanya. New York ilimsimamisha Holyfield mwaka 2005 baada ya kupigwa na Larry Donald, ikisema wazi kwamba uwezo wake umeshuka. Mwaka uliofuata alipigana Texas. Aliendelea mpaka 2011. Halafu Septemba 2021, akiwa na miaka 58, yule aliyemshinda Foreman akaingizwa dakika za mwisho kwenye pambano na Vitor Belfort. California ilikataa kutoa kibali, pambano likahamishiwa Florida. Lilisimamishwa raundi ya kwanza, kabla ya dakika mbili.

Mlango mmoja ukifungwa, kuna wa jirani. Ndiyo maana simtegemei sana mtu wa ofisini. Namtegemea yule anayemfunga bondia bandeji mikononi.

## Halafu aende wapi?

Hapa ndipo panaponiuma.

Maana Hatton alifanya tulichotaka afanye. Alijipima kihalali, akapata jibu, akatii usiku uleule. Na alikuwa na kazi ya kufanya. Alikuwa na jimu yake Hyde, akafundisha, Februari 2017 bondia wake Zhanat Zhakiyanov akatwaa ubingwa wa dunia wa WBA huko Marekani. Hakusahaulika. Alipopita mtaani Manchester watu walimpigia kelele kama ndugu yao. Alizungumza hadharani juu ya sonona yake ili vijana wengine wasione haya.

Na bado ulingo ulikuwa unamwita. Novemba 2022 pambano la maonyesho na Marco Antonio Barrera, raundi nane, wanacheka na kukumbatiana. Kisha likaja hili la Dubai.

Sitaki kutengeneza sababu na matokeo kwenye maisha ya marehemu. Ninachosema ni kwamba nilipokuwa napaza sauti "astaafu," nilikuwa najibu nusu ya swali, ile nusu inayonihusu mimi mtazamaji, nisiumie macho. Nusu nyingine ni ya mtu anayeamka kesho yake. Kwa miaka ishirini kuna mtu alimwamsha alfajiri akakimbie. Kuna tarehe kalendani, uzito wa kufikia, adui mwenye jina. Siku anatundika glovu vyote vinaondoka pamoja, na tunamwachia pongezi.

Foreman alikuwa na mimbari ya kurudi. Joe Louis, bingwa wa zamani wa uzito wa juu, aliyelazimika kurudi ulingoni kwa deni la kodi mpaka Rocky Marciano akamtupa nje ya kamba mwaka 1951, aliishia kulipwa kusalimiana na wageni kwenye hoteli ya kamari Las Vegas. Sisi huku tulimshangilia Conjestina Achieng, bondia wa Kenya, alipokuwa anapiga watu, na alipougua kelele zetu zilikuwa zimepungua sana.

## Mwalimu

Mtaani kwetu kuna mzee anayefundisha ngumi, chini ya paa la mabati, mifuko miwili ya kupigia imetundikwa kwenye nguzo. Nilimpelekea swali hili kwa sababu nilichoka kubishana na watu ambao, kama mimi, hawajawahi kufunga bandeji ya mtu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Leo umekuja kupiga mfuko au kupiga soga?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku anavuta uzi kwenye glovu iliyopasuka. Akasema yeye hamwangalii bondia mkubwa, anawaangalia vijana wanaofanya naye sparingi. Wakianza kumbembeleza, basi. Kijana ana nafasi ya kuingiza mkono wa kulia, anauona uko wazi, anausimamisha njiani kwa heshima. "Wao wanamwona kaka yao. Yeye anafikiri amewazidi." Siku hiyo jioni humwita kijana pembeni amuulize kama anajizuia. Wengi hawajibu, hutazama chini.

Amewahi kumwambia mtu? Mara moja, kwa maana ya kweli ya kumwambia. Bondia wake wa siku nyingi, alikuwa amerudi baada ya mapumziko marefu, akapigwa, anataka tena. Mwalimu alimfuata nyumbani, akaongea mbele ya mke wake, kabla promota hajaja na karatasi. Akamwambia hatamshikia pedi tena kwa ajili ya pambano, ila kuanzia Jumatatu darasa la watoto ni lake, na nusu ya ada ni yake. Alikuwa ameshapiga hesabu za ile ada, akaziandika kwenye karatasi akaenda nayo.

Nikamuuliza yule bondia alisemaje.

Alihamia jimu nyingine. Darasa la watoto bado halijapata mtu, mwalimu analifundisha mwenyewe huku goti linamsumbua, na wakikutana njiani wawili hao hawasalimiani.

Nilimuuliza kama angefanya tena. Akaniambia yupo mwingine pale jimuni, na kwamba anamsubiri amalize mfungo ndipo aende kwao.